Kazi ya Fundi Mikononi Mwako ni Amana: Hotuba kwa Wanaotaka Kufungua Galeri ya Samani

Ndugu Mwenyekiti, mafundi mliofika, na ninyi mnaofikiria kufungua galeri ya samani za mkono, asanteni kwa kunialika. Asanteni zaidi kwa kunipa muda wa kutosha, maana sisi watu wa kazi hii tukishaanza kuzungumza habari za droo hatunyamazi.

Nimeombwa nieleze namna ya kuendesha galeri. Wengi wangeanza na jengo, taa na rangi ya kuta. Mimi naanza na pesa. Kwa ninavyoziona, galeri za samani hazifi kwa kukosa wateja. Zinakufa pale mafundi wanapoacha kuziamini. Mafundi wakishaondoka unabaki na ukumbi mzuri uliojaa vitu vya kawaida, na vitu vya kawaida mtu anavipata popote kwa bei nafuu kuliko yako.

Tazameni hali ilivyo. Fundi amekaa na kabati moja miezi minne. Mbao kanunua mwenyewe, kodi ya karakana analipa mwenyewe, gundi, msasa, bawaba, vyote vyake. Anakuletea kabati lile, unalipokea kwa mali kauli: hulipi kitu mpaka liuzwe. Kuanzia saa hiyo funguo za mlango unazo wewe, mali ni yake. Kisha anatokea mnunuzi, anapenda, analipa. Pesa inaingia kwenye akaunti yako, siku ile ile bili ya umeme imekuja na mwenye jengo amekupigia simu mara mbili. Unajiambia, fundi nitamlipa mwezi ujao, ni mtu mwelewa.

Usijiambie hivyo. Pesa ile si yako. Jimbo la New York, ambako biashara ya sanaa ni kubwa, lina sheria ya jambo hili tangu miaka ya 1960. Sheria hiyo inasema kwamba anayepokea kazi ya msanii ili aiuze anaishika kwa niaba ya msanii, na fungu la msanii katika mauzo ni amana. Mafundi wa kazi za mkono wametajwa humo pamoja na wachoraji na wachongaji. Penye sheria ya namna hiyo, isome. Pasipokuwa nayo, iandike wewe ndani ya mkataba wako. Fungua akaunti mbili, moja ya galeri na moja ya pesa za mafundi, na hii ya pili usiiguse hata nyumba ikiungua. Lipa ndani ya siku 30. Ukiweza kulipa ndani ya wiki, habari zako zitafika karakana ambazo hujawahi kukanyaga.

Mkataba wenyewe usiwe wa maneno ya kupendeza. Useme kabati linakaa kwako muda gani, nani analipa usafiri wa kuja na wa kurudi, bima ni ya nani na inahesabu thamani ipi. Mtoto wa mgeni akikwaruza juu ya meza, nani anagharamia? Useme pia habari ya punguzo, maana hapa ndipo urafiki mwingi umevunjika. Mnunuzi anaomba apunguziwe asilimia kumi, mwenye galeri kwa kutaka kumaliza anakubali, halafu anamkata fundi nusu ya punguzo bila kumuuliza. Ukitaka kuwa mkarimu, kuwa mkarimu kwa fungu lako.

Nalo fungu hilo ni kubwa, tusifichane. Galeri nyingi duniani huchukua kati ya asilimia 40 na 50 ya bei ya kuuzia. Fundi akisikia hivyo mara ya kwanza hushika kichwa, na ana haki ya kushika kichwa. Lazima uweze kumwonyesha inakokwenda: nafasi kubwa ya sakafu ambayo meza yake itakalia labda kwa mwaka mzima, mtu wa kumweleza mteja, picha, bima, usafirishaji, na zile ziara ambazo mteja huja mara tano kabla hajaamua. Kama huwezi kumwonyesha, basi huistahili.

Kwa upande wenu, mafundi, nina neno moja na mtanisamehe. Bei ya galeri na bei ya karakana ziwe moja. Mteja akiona kiti kwangu, kisha akakufuata nyuma ya mlango ukamuuzia kwa nusu, hujaniibia mimi tu. Umemfundisha mteja kwamba bei ile ya kwanza ilikuwa uongo, na kuanzia leo hakuna kazi yako atakayoamini bei yake.

Sasa tuingie ukumbini.

Samani ya sanaa ina tatizo ambalo mchoro hauna. Mchoro mtu anautazama kwa umbali na mambo yote yako mbele ya macho yake. Kabati limeficha nusu ya kazi ndani. Kiti kimeficha kazi chini. Ukiweka kibao cha "Tafadhali usiguse", umefunga mlango wa duka ukiwa ndani. Mgeni ataona kabati la mbao, ataona bei, atalinganisha na kabati la kiwandani aliloliona juzi, na atakuona mwizi.

Mwambie avute droo. Simama naye, usiseme kitu. Droo iliyotengenezwa vizuri inatoka kwa uzito ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, haichezi kushoto wala kulia, na hata ukiivuta kwa kidole kimoja upande mmoja haikwami. Akiirudisha, hewa iliyonaswa nyuma yake inaizuia kidogo, na katika kabati lililobana sawasawa droo ya jirani itajisukuma nje upana wa kucha. Hapo hata asiyejua lolote huinua nyusi. Ndipo umwonyeshe kona: meno ya ubao wa mbele yalivyoingiliana na meno ya ubao wa ubavuni, kisha ule mstari mwembamba kama unywele ambao fundi aliuchora kwa ncha ya chuma apate kina cha kukata, akauacha. Mwonyeshe sakafu ya droo, kwamba haikupakwa gundi; imekaa huru kwenye mfereji wake ili ipate pa kupanukia. Mwambie anuse. Fundi mwenye akili hapaki mafuta ndani ya droo, kwa sababu harufu ya mafuta ikifungiwa huvunda na kuingia kwenye nguo. Huacha mbao tupu au hupaka nta. Dakika tano za namna hiyo zinaeleza bei kuliko hotuba yoyote, hii yangu ikiwemo.

Viti navyo vikaliwe. Jumba la makumbusho la Museum of Fine Arts la Boston lilifanya jambo hili katikati ya miaka ya 1970: liliagiza viti na mabenchi kwa mafundi wa samani za mkono, likayaweka ndani ya kumbi zake ili wageni wayakalie. Viti vya Sam Maloof wa California vilikuwa vya kwanza. Fikirini, kazi ya kuhifadhiwa makumbusho, na mtu aliyechoka miguu anaambiwa karibu, keti. Maloof ndiye yule ambaye viti vyake vya kubembea vilifika mpaka Ikulu ya Marekani, na mwaka 1985 akapewa tuzo ya MacArthur, tuzo kubwa ya Marekani ambayo huwaendea zaidi wanasayansi na waandishi. Ukitaka kujua kwa nini, usitazame picha. Kikalie kimoja. Mgongo wako utakueleza.

Kwa sababu hiyo sipendi kabisa kuweka viti juu ya majukwaa. Najua picha zinatoka vizuri. Lakini kiti kilichopandishwa juu kinamwambia mgeni kwamba hakimhusu. Weka chini, acha nafasi ya mtu kukizunguka chote, na kila asubuhi kigeuze miguu juu ukague kama kuna kiungo kimelegea. Kiti cha galeri hukaliwa na watu wengi kuliko kitakavyokaliwa nyumbani kwa mtu, na kikilegea kwako ni heri. Kinarudi kwa fundi kabla hakijafika kwa mteja.

Usipange ukumbi kama chumba cha kulala cha kwenye katalogi, kitanda, kabati na taa ya pembeni vyote vya ukoo mmoja. Hiyo ni kazi ya maduka ya fenicha na wanaijua kuliko sisi. Kazi za mafundi wawili zinazopingana, ukiziweka karibu, zinamfanya mgeni aulize maswali.

Taa nitazipitia haraka: zitoke ubavuni ili nyuzi za mbao na alama za randa zionekane, zisimwagike juu tu kama mvua. Ila jueni kwamba mwanga unabadilisha mbao. Mbao ya mcheri hukolea inavyokaa, ya mjozi hupauka. Ukiacha chungu cha maua juu ya meza mpya ya mcheri karibu na dirisha, utakapokiondoa utakuta duara jeupe, na mteja hatataka maelezo. Sogeza vitu, weka karatasi ya kuzuia miale kwenye vioo.

Jambo zito zaidi ni unyevu. Mbao hata ikishakauka bado inakunywa na kutema unyevu wa hewa, ikipanuka na kusinyaa, na inafanya hivyo kwa upana, karibu haifanyi kwa urefu. Meza yenye upana wa mita moja inaweza kuongezeka au kupungua milimita kadhaa, hata kukaribia sentimita, kati ya msimu wa unyevu na wa ukavu. Fundi mzuri anajua, ndiyo maana uso wa meza ameushika kwa vibanio vinavyoteleza au skrubu zilizo kwenye matundu marefu, hakuugundisha kwenye fremu. Ukikuta amegundisha, usiipokee meza hiyo hata kama uso wake unameremeta kama kioo. Itapasuka, na itapasuka nyumbani kwa mteja.

Nanyi wenye galeri msiwe chanzo cha maradhi. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni kinaitesa mbao kuliko joto la kawaida. Nunua kipimo cha unyevu, si ghali, ukiweke mbali na mlango. Hewa ikikaa kati ya asilimia 40 na 60 bila kuruka ruka, mbao zinatulia. Na kabla hujatuma kitu, muulize mteja kinakwenda kukaa wapi.

Muulize fundi pia mbao zimekaushwaje. Wanaokausha kwa hewa huhesabu takriban mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Akikuambia ubao wa sentimita nane aliupasua mwaka jana na haukupita kwenye tanuri la kukaushia, mshukuru, mwagane kwa amani.

Kuna habari ya miti yenyewe. Wateja wa siku hizi wanauliza mti umetoka wapi, na maofisa wa forodha wanauliza kwa ukali zaidi. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu ni mmoja wao, imo kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, karibu yote kwenye Kiambatisho cha 2. Aina yake moja, ile ya Brazili iliyopendwa sana na watengenezaji wa zamani imo kwenye Kiambatisho cha 1, kilicho kikali zaidi, tangu 1992. Mwaka 2019 nchi wanachama zililegeza kidogo kwa Kiambatisho cha 2: ala za muziki zilizokamilika hazihitaji kibali, wala bidhaa zilizokamilika ambazo mbao hiyo haizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Kisanduku cha vito kitapita. Meza ya mpingo haitapita bila karatasi. Kwa hiyo chukua kwa fundi risiti ya mbao siku anapoleta kazi. Ukimwomba miaka mitatu baadaye atakuwa amewashia moto.

Nikizungumzia moto, kuna jambo dogo linaloweza kumaliza galeri usiku mmoja. Meza zilizopakwa mafuta ya kitani zinahitaji kupakwa tena mara kwa mara, na wengi wetu tunafanya hivyo wenyewe ukumbini. Kitambaa chenye mafuta hayo, ukikikunja ukakitupa kwenye pipa la taka, kinajipasha chenyewe kadiri mafuta yanavyokauka na kinaweza kuwaka bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke, au kitumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji. Mwajiriwa mpya mfundishe hili kabla hujamfundisha kupokea wageni.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: unachaguaje mafundi? Watu hudhani tunatafuta wenye mikono safi, yaani kazi isiyo na dosari. Mikono safi wapo wengi. Natafuta fundi mwenye jambo lake. Wharton Esherick, aliyezaliwa 1887 na ambaye wengi humhesabu kuwa mwanzo wa samani za sanaa nchini Marekani, alikuwa mchoraji ambaye picha zake hazikununuliwa sana. Akaanza kuchonga fremu za picha, watu wakazipenda fremu, mkono ukahamia kwenye samani na hata ngazi ya nyumba yake. Wendell Castle alikuwa mchongaji wa sanamu. Aligundisha mbao tabaka juu ya tabaka kisha akachonga kiti ndani ya bonge kama achongaye jiwe. James Krenov alikuwa kinyume chao, makabati madogo ya utulivu, kila uamuzi ukitoka kwenye ubao wenyewe, na mwaka 1981 alianzisha mafunzo huko Fort Bragg, California, yaliyotoa mafundi wengi. Mwaka huo huo wa 1981 galeri ya Pritam & Eames ilifunguliwa East Hampton, jimboni New York, kwa ajili ya samani za namna hii tu, na Krenov alikuwa miongoni mwa waliooneshwa humo. Ukiwaweka watu hawa ukumbi mmoja hawafanani kwa lolote isipokuwa kwamba hakuna aliyefanya kazi ya kuigiza.

Fundi wa kwako anaweza kuwa hajafika huko. Si neno. Mtazame kama kiti cha tatu kimetofautiana na cha kwanza kwa sababu alijifunza kitu.

Sehemu kubwa ya mapato, wenzangu, haitatoka kwenye vitu vilivyopo sakafuni. Vile ni vya kumfanya mtu aseme, nataka kama hiki lakini kirefu zaidi, cha chumba changu. Hiyo ndiyo oda, na oda ndiyo inayokulisha. Utaratibu unaofaa ni malipo ya mafungu matatu: la kwanza wakati wa kusaini, la pili kazi ikiwa nusu na mteja amekwenda karakana akaiona, la tatu kabla haijapakiwa. Fungu la kwanza limfikie fundi mara moja, maana ndilo linalonunua mbao. Mpe mteja mchoro wenye vipimo na kipande cha mbao ile ile chenye mafuta yale yale. Kama ni viti vya meza ya kulia, pima meza aliyo nayo nyumbani. Kati ya kikalio na uso wa meza panatakiwa sentimita 28 hadi 30 hivi, na kiti kizuri kikikosa nafasi hiyo kinakuwa pambo la ukutani. Muda ukiambiwa miezi sita, mwambie mteja minane. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba meza imewahi.

La mwisho, kumbukumbu. George Nakashima, fundi wa Pennsylvania mwenye asili ya Kijapani, alikuwa na desturi ya kuandika jina la mteja kwa wino chini ya samani. Mwaka 1989 nyumba ya wateja wake huko New Jersey iliungua, na zaidi ya vipande 100 vya kazi yake viliteketea. Waliamua vitengenezwe upya. Nakashima alianza kazi hiyo, akafariki mwaka uliofuata, na binti yake Mira pamoja na mafundi wa karakana wakaiendeleza. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa kukumbuka kumbuka.

Basi kila kitu kinachotoka galeri yako kiwe na faili: jina la fundi, mwaka, aina ya mbao na ilikotoka, kilichopakwa juu yake, picha za mbele, nyuma na chini, bei, jina la aliyenunua, na matengenezo yoyote yaliyofuata. Kilichopakwa kiandike kwa makini, kwa sababu shelaki, ile vanishi ya utomvu wa wadudu, huharibiwa na pombe na kikombe cha moto, mafuta hurekebishika kwa kupakwa tena, na mtu wa kukitengeneza baada ya miaka 20 atahitaji kujua ni kipi. Nakala mpe mteja, nakala mpe fundi. Ipo siku watoto wa mteja watakuletea meza ya mama yao uiuze, na bila faili hilo utakuwa unauza meza kuukuu tu.

Nimeacha mfano wa mkataba wa mali kauli mezani pale mlangoni, nakala zinatosha. Upeleke kwa mwanasheria wako kabla hujautumia, maana sheria za mahali hutofautiana, na kifungu cha punguzo kisomeni mara mbili. Sasa nipo tayari kwa maswali. Nawaona mafundi wa safu ya nyuma wameshainua mikono tangu niliposema asilimia 50, kwa hiyo tuanze na hao.